Baba yake ananisomesha mimi, yeye amekwama ada

Asalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni msichana wa Wete, Pemba. Nasoma udaktari hapa Unguja, niko mwaka wa pili. Nakuandikia wewe usiyenijua kwa sababu kwetu ukimwambia mtu jambo kama hili, kabla hujafika nyumbani mama yako keshaulizwa.

Ada yangu, dakhalia, vitabu na fedha za kujikimu, vyote vinalipwa na mali ya daktari wa kwetu ambaye sasa ni marehemu. Watu wa umri wa mama yangu wote wanamjua. Ukimgongea usiku wa manane anatoka na msuli wake, anampokea mgonjwa hapo hapo barazani, na asiye na kitu hakudaiwa kitu. Kabla hajafa aliandika wasia kwamba thuluthi ya mali yake iwekwe wakfu, isomeshe mtoto wa Pemba asiye na uwezo, asomee udaktari, akimaliza arudi afanye kazi Pemba, kisha achukuliwe mwengine. Aliandika pia kuwa yeye mwenyewe alisomeshwa kwa fedha za watu.

Thuluthi hiyo ikaangukia maduka ya Chake Chake. Yamepangishwa, na kodi yake ndiyo inayonisomesha mimi. Mjane na watoto wakabaki na nyumba ya Wete na shamba la mikarafuu. Watoto ni watatu, wanaume wawili na binti mmoja.

Huyo binti ni rafiki yangu. Tumesoma chuo kimoja cha Qurani, skuli moja, na dawati moja mpaka kidato cha sita. Sote wawili tulitaka udaktari. Matokeo yalipotoka mimi nilipata sifa za kuingia, yeye Fizikia ilimtupa, akapata E. Akaenda kusomea stashahada ya uuguzi katika chuo cha kulipia. Baba yake alikuwa hai wakati huo, ndiye aliyemlipia muhula wa mwanzo.

Siku niliyokabidhiwa barua ya ufadhili ilisomwa hitma nyumbani kwao. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa akipitisha maji ya kunawa. Watu walipomaliza kula, mmoja wa wasii, yaani wasimamizi wa wasia, akanena maneno mazuri, akanipa bahasha, kisha akatoa stetoskopu ya marehemu akanivisha shingoni. Watu wakapiga picha. Ninayo hadi leo, mpira wake mweusi umepasuka karibu na sikio na marehemu mwenyewe aliuzungushia plasta. Tangu siku ile rafiki yangu ananijibu salamu tu.

Mwaka huu nimesikia amezuiwa kufanya mtihani kwa kuwa hajamaliza ada. Kaka yake mkubwa nilikutana naye sokoni Wete nilipokuwa likizo, akanambia mbele za watu: "Dada, baba yetu amekuwa baba yako. Sisi mikarafuu mwaka huu haikuzaa, wewe kodi ya maduka inakufikia kila mwezi." Akaongeza kuwa hata Mtume alisema thuluthi ni nyingi. Sikuwa na la kumjibu.

Mama yangu habari hizo zilimfika siku ile ile. Mama ni mchumaji wa karafuu, miaka yote analipwa kwa pishi, na shamba hilo hilo la marehemu ameshalichuma. Anasema, "Mwanangu, mali ya yatima ni moto. Rudisha. Sisi tumezoea kukosa." Baba, ambaye anavua kwa madema, hasemi hivi wala vile.

Nilijaribu kumtumia rafiki yangu nusu ya fedha zangu za kujikimu kwa simu. Haikupita saa akazirudisha zote, bila neno.

Sasa nafikiria mengi. Niuache ufadhili, niombe mkopo wa serikali kama wenzangu? Nizungumze na wasii wagawe ada yangu, nusu yangu nusu yake? Au ninyamaze nisome, nikijua kila ninapofungua kitabu kuna mtu nyumbani amekaa kwa sababu yangu? Nisaidie Bi Mshauri, hata usingizi sipati.

Ni mimi, msomaji wa Wete.


MSHAURI ANAJIBU

Waalaykum salaam, binti yangu,

Mwenyezi Mungu amrehemu huyo daktari, na akupe utulivu. Barua yako nimeisoma mchana, nikairudia usiku, na kila nikiisoma naona watu wawili waliofiwa na mtu mmoja. Mmoja amefiwa na baba. Mwengine amepata baba baada ya baba huyo kufa, na anaona haya kufurahi. Sina hukumu ya kukupa, na kwa kweli sidhani kama unatafuta hukumu. Nitakayoyasema yapime mwenyewe.

Nianze na neno la mama yako, kwa sababu ndilo linalokukosesha usingizi kuliko maneno ya sokoni. Aya anayoikusudia imo katika Surat An-Nisaa, na inawazungumza wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma. Angalia hilo neno la mwisho. Sura hiyo hiyo inapogawa mirathi inasema mafungu yatolewe baada ya wasia aliousia marehemu na baada ya deni. Kwa hiyo wasia uliokaa ndani ya thuluthi hautoki mfukoni mwa warithi. Hutolewa kabla ya fungu la mrithi kujulikana ni kiasi gani. Mama yako ana hofu ya Mungu, na hofu hiyo ni njema, lakini hofu nayo huhitaji kuambiwa mambo yalivyo.

Kaka mtu naye hakusema uongo. Hadithi aliyoitaja ni ya Saad bin Abi Waqqas. Aliumwa sana Makka, Mtume akenda kumtazama, naye akataka kuusia thuluthi mbili za mali yake. Akakataliwa. Akataka nusu, akakataliwa. Akaruhusiwa thuluthi, na akaambiwa thuluthi nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wako wakiwa na chao ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Ila hadithi hiyo ina jambo ambalo watu wakiinukuu sokoni hulipita haraka: Saad alisema hana wa kumrithi ila binti yake mmoja. Maneno yote yale yalikuwa juu ya binti. Kwa hiyo mtu akisema rafiki yako ana haki ya kufikiriwa, mimi nitakuwa upande wake. Ninachouliza ni haki yake iko wapi hasa, na ni nani anayeishika. Wewe umeanza barua yako ukiwa umeshajihukumu kuwa unayo wewe. Hebu tutazame.

Marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili na binti mmoja. Kama wazazi wake hawakuwa hai, mjane anapata moja ya nane ya kilichobaki baada ya wasia, na kinachofuata kinagawiwa mafungu matano: kila kijana mawili, binti moja. Fungu hilo ni dogo kuliko la kaka zake, lakini ni lake, na hapana mwenye ruhusa ya kulipunguza. Umeniandikia kuwa warithi walibaki na nyumba na shamba. Hukuniandikia kama walishagawana. Sisi wa visiwa hivi tunajua mambo yalivyo: baba akifa, mikarafuu hubaki "ya nyumbani", kaka mkubwa ndiye anayetafuta wachumaji, anayesimamia majamvini, anayezipeleka karafuu kavu kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na fedha hutoka mkononi kwake. Wengi wao ni waaminifu na wanawalea ndugu zao kwa fedha hizo. Wengine hupitisha misimu bila dada kujua fungu lake lilikuwa kiasi gani. Simtuhumu huyo kijana, simjui. Nakuuliza tu: unajua kama rafiki yako ameshawahi kupokea chake?

Na kuna jambo jengine katika lile neno la sokoni, nalo nadhani ndilo lililomtoa kaka mtu maneno. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Ukishazaa sana hupumzika, na baina ya mwaka mmoja mkubwa na mwengine mtu anaweza kusota miaka. Duka la Chake Chake halina msimu, mpangaji hulipa. Siku ya kugawa, fundi wa kuthamini anaweza kukadiria shamba na maduka vizuri kabisa, kwenye karatasi mambo yakawa sawa, halafu upande mmoja ukapokea kila mwezi na mwengine ukabaki kutazama juu ya miti. Hapo wasia unaweza kuwa halali na ugawaji pia usiwe na dhulma, na bado familia ikaumia. Anayelalamika pengine hagombani na sheria. Anagombana na miti, na wewe ndiye uliyepita mbele yake siku ile.

Kama wanaona thuluthi ilizidi, au maduka yalithaminiwa chini, pana mlango wa kugonga. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hushughulikia mambo haya ya wakfu na mirathi, na ipo Mahakama ya Kadhi. Iliyozidi thuluthi haipiti mpaka warithi waridhie. Lakini mlango huo ni wao kuugonga, na wa kujibu ni wasii. Wewe hukuthamini, hukugawa, hukuandika.

Sasa tuje kwenye njia zako.

Kuuacha ufadhili. Ukiuacha leo, fedha haiendi kwa rafiki yako. Inakwenda kwa mtoto mwengine wa Pemba asiyekuwa na uwezo, kwa sababu ndivyo wasia unavyosema. Yeye atabaki na ada yake hajalipa, na wewe utakuwa umeingia kwenye hesabu mpya. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo, na wengi wanasoma kwayo, lakini ni mkopo, utarejeshwa, na hapana aliyekuhakikishia kuwa utaupata ukiwa katikati ya masomo. Udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini. Madema ya baba yako na pishi za mama yako hazina budi kuingizwa katika hesabu hiyo. Lakini pia sitaki kukudanganya: wapo watu ambao moyo wao hautulii mpaka waachie, hata kama kuachia hakumsaidii mtu. Ukijiona wewe ni wa namna hiyo, angalau fanya ukijua kuwa unafanya kwa ajili ya moyo wako, usimwambie rafiki yako kuwa umefanya kwa ajili yake. Huo utakuwa mzigo mwengine juu ya mzigo alionao.

Kugawana ada. Mafakihi husema sharti la mwenye kuweka wakfu lina nguvu kama andiko la sheria. Yeye alisema udaktari. Uuguzi, kwa heshima yake yote, sio. Tena iko kanuni inayojulikana kuwa hapana wasia kwa mrithi, ila warithi wenzake waridhie. Baba aliyetaka kumsomesha binti yake kwa thuluthi asingeweza peke yake, hata angependa. Nashangaa kama kuna aliyemweleza rafiki yako hilo. Inawezekana kabisa anaamini baba yake alimruka kwa sababu ya ile E ya Fizikia. Unaweza kuwauliza wasii kama liko lolote linaloruhusiwa. Hatari yake ni kuwa ukienda wewe, na likakataliwa, atasikia kuwa umemwombea na amenyimwa, mara ya pili.

Fedha za simu umeona mwenyewe. Ulitoa kwa mapenzi, sina shaka. Lakini jiweke upande wake: unaletewa nusu ya fedha ya baba yako na mwenzako, kama sadaka. Mimi nadhani alizirudisha kwa sababu bado anakuheshimu. Angekudharau angezila.

Kunyamaza na kusoma. Wengine watakushauri hivyo, na kuna siku ndiyo njia ya salama. Ila umeshaonyesha kuwa kunyamaza kunakuuma rohoni. Na miaka iliyobaki ni mingi, na Wete ni ndogo. Sharti la wasia linakurudisha huko huko, na rafiki yako akimaliza uuguzi mtakutana wodi moja.

Iko njia ambayo hukuitaja: kukutana naye, usizungumze fedha kabisa. Nasema hivi kwa sababu ya jambo moja katika barua yako. Kuhusu ada umeandika aya nyingi. Kuhusu stetoskopu umeandika mistari michache, lakini ndiyo mistari uliyotazama karibu zaidi, mpaka plasta umeiona. Na umesema mwenyewe: "Tangu siku ile." Hukusema tangu ada ilipokwama. Hukusema tangu matokeo. Siku ile mtoto wa marehemu alikuwa na birika mkononi, akawatilia wageni maji, na kifaa alichokiona shingoni kwa baba yake tangu utotoni kikavishwa shingo nyengine, watu wakipiga picha. Sidhani kama aliyekuvisha alikuwa na nia mbaya. Wazee hupenda ishara. Lakini nijibu: kile kifaa kilitajwa katika wasia? Kama hakikutajwa, basi ni kitu cha marehemu kama saa yake na kanzu zake, na vitu hivyo ni vya warithi, si vya wasii kugawa. Hata kama ni halali yako kabisa, pengine hapana aliyemuuliza binti yake.

Sikwambii umrudishie. Ukimpelekea ghafla anaweza kuona unamtupia, au unajitakasa. Unaweza kumuuliza mama yake kwanza, maana mjane naye ni mrithi na ana sauti katika nyumba ile. Unaweza kwenda siku ya kawaida, si siku ya hitma wala ya wageni, ukakaa jikoni kama mlivyokuwa mkikaa, ukamuuliza rafiki yako: hiki kilitakiwa kiwe wapi? Halafu umsikilize. Anaweza kulia, anaweza kukufukuza, anaweza kusema ni ada tu iliyomuuma na mimi nimeota. Yote yanawezekana, na katika yote utakuwa umejua zaidi kuliko unavyojua leo.

Suala la fungu lake la shamba usilianzishe wewe. Likitoka kinywani mwako litasikika kuwa mfadhiliwa anawagombanisha ndugu, na kaka mtu atapata la kusema msimu mzima. Kuna mama yake, kuna wajomba, kuna wasii hao hao ambao wanajua kila kilichoachwa. Mmoja wao akimuuliza kijana kwa upole, "Huyu dada yako chake kiko wapi, tumlipie mtihani?", linaweza kumalizika barazani bila kufika kwa Kadhi. Ukimwamini mmoja wa wasii, unaweza kumnong'oneza hilo na ukaliacha kwake. Pima kama yupo anayejua kutunza neno.

Kwa upande wako, omba nakala ya wasia na hesabu ya namna thuluthi ilivyopatikana. Anayesomeshwa na wakfu kuomba kujua masharti yake si utovu wa adabu, na wasii mwenye hesabu safi hatachukia. Kama hesabu ina kasoro, ni heri uijue sasa, uanze mapema kuulizia Bodi ya Mikopo, kuliko kushtukizwa mwaka wa nne. Na ukishaipata, mchukulie mama yako. Kaa naye umsomee polepole, ile sehemu ya thuluthi hasa, maana mpaka sasa yeye amesikia upande wa sokoni tu.